Tableti Mbili za Ruweida

Bi Thuraiya wa Konde alinikabidhi tableti ya kusomea vitabu, imefungwa ndani ya kanga mpya, nimpelekee Ruweida, binti wa kaka yangu. Mwanawe Bi Thuraiya, Hashil, ndiye aliyeituma kutoka Maskati. Makubaliano yalikuwa mepesi: Ruweida akae nayo mpaka Ijumaa. Ikibaki, watakuja na posa. Ikirudi, hakuna aliyesikia kitu, na hakuna wa kuinamisha uso tukikutana harusini kwa watu. Mimi nimeshaozesha kwa njia ngumu kuliko hiyo, nikaona kijana ana adabu.

Ruweida anafundisha skuli hapa Wete, na kwao ni mtaa wa Jadida. Hana ugonjwa ila riwaya za Kiingereza. Alikuwa na tableti yake kuukuu yenye ufa kwenye kona, basi akaziweka zote mbili juu ya mkeka akawa anazipima kama mchuuzi anayechagua samaki soko la Tumbe. Mapenzi sikuyaona pale. Nilikasirika kidogo.

Ile kuukuu ukiminya neno unasubiri, kisha inakupa maana kwa Kiingereza kigumu kuliko neno lenyewe. Mwisho Ruweida huinuka kwenda kutafuta kamusi ya karatasi, ambayo kazi yake ya kila siku ni kuzuia dirisha lisijipige. Ile mpya ukigusa tu, maana ipo. Inayo kamusi ya Kiarabu, na Hashil mwenyewe alishaitilia ya Kiswahili. Ruweida akasoma sura tatu bila kunyanyuka.

"Mpya yashinda, shangazi," aliniambia Jumatano. "Na mtu aliyekumbuka kunitilia Kiswahili, huyo ana moyo. N'naona itabaki."

Nikaanza kufikiria nguo ya harusi.

Lakini kizuri hakikosi ila. Jioni Hashil alipiga simu, na Ruweida akaifungulia sauti nami nisikie.

"Jana usingizi ulikuchukua mapema," alisema. "Umeishia sura ya tisa."

"Nani kakwambia?"

"Imesajiliwa kwa jina langu. Unachosoma nakiona huku, na kila neno unalolitafuta. Nakuwa kama nipo karibu yako."

Aliyasema kwa upole, wala simsingizii. Ruweida alicheka, kicheko kifupi.

Alhamisi kitabu hakikuwemo. Kilikuwa kisa cha daktari wa kike aliyemwacha mumewe nyumbani akaenda kutibu watu milimani, na Ruweida alikuwa karibu kukimaliza. Mahali pake pamekaa kitabu cha mapishi. Akampigia Hashil mbele yangu.

"Nimekuondolea," Hashil akasema. "Kisa cha mwanamke yule hakina mafunzo. We soma hicho nilichokutilia, kizuri."

"Ahsante," Ruweida akajibu, akakata simu. Akaizima tableti, akaifunga ndani ya kanga yake vilevile ilivyokuja.

"Irudishe, shangazi."

"Na kamusi yake?"

"Kamusi yake nzuri, yangu haioni ndani. Irudishe."

Niliisikitikia harusi na nikamfurahia mtoto, vyote kwa pamoja. Sikumbishia.

Ijumaa asubuhi nikapanda gari la Konde. Mjumbe hauawi, nikawa najiambia njia nzima. Bi Thuraiya alinikaribisha kwa chai, akaipokea kanga, akaifungua polepole. Akaminya kitufe kuona kama kitu ni kizima, na mwanga ukawaka.

Chai yangu haijapoa, simu ikalia mkobani. Alikuwa Hashil, sauti yake imechangamka.

"Bi Nadhira, shikamoo! Mwambie Ruweida nimeona kaifungua. Na leo ndo Ijumaa! Kwa hiyo inabaki?"

Nilimtazama Bi Thuraiya. Alikuwa ameinamisha uso, anaikunja kanga.

"Aliyeifungua ni mama yako, mwanangu," nikamwambia.