Mashine Nyuma ya Pazia

Kabla ya alfajiri nilisikia kinu upande wa pili wa ukuta. Twa, twa, kisha kimya kirefu, kisha twa tena. Kimya kile ndicho kilichonitisha. Jirani yangu Zohra alikuwa mgonjwa wa mapafu; hata kuchana nywele kulimkata pumzi.

Nikajitupia shali, nikaenda.

"Zohra, una wazimu? Unatwanga lozi saa hizi?"

"Leo nina mgeni."

Mgeni mwenyewe alikuwa Inbal, binti wa ofisi ya nyumba. Serikali ilimsaidia Zohra kulipa kodi, lakini mwenye nyumba alikuwa ameipandisha, na msaada haukutosha tena. Wagonjwa huongezewa, ila sharti mtu wa ofisi aje ajionee. Asipoongezewa, Zohra angehamia kwa mwanawe Nissim, mbali huko kaskazini, ghorofa ya nne, bila lifti.

"Basi akukute ulivyo," nikamwambia. "Lala, uvute hewa ya mashine yako."

"Mgeni nimpokee nimelala? Mama yangu aliyezikwa kwetu Meknes atanijia ndotoni anizabe kofi!"

"Huyo si mgeni, ni mkaguzi."

"Akivuka kizingiti ni mgeni. Nisaidie kuficha hii mashine. Inanguruma kama ngamia mwenye mafua."

Nilikataa. Akaizima, akaisukuma mwenyewe hadi nyuma ya pazia, akipumzika njiani kama mpanda mlima.

Inbal alipobisha, Zohra alikuwa amesimama mlangoni, gauni la buluu, midomo myekundu. Binti alikuwa na adabu. Alitaka kumpokea sinia ya chai ya nanaa na biskuti za lozi, Zohra akamnyima.

"Kaa, mwanangu. Umekonda kama ufagio. Huko ofisini hawawalishi?"

Inbal akacheka. "Mama, unapika mwenyewe?"

"Nani mwingine? Kula."

Nikashindwa kuvumilia. "Mwanangu, hebu funua lile pazia."

"Kuna nguo chafu," Zohra akadakia. "Huyu jirani yangu kwa kuchungulia hajambo!"

Inbal akamgeukia Zohra. Akaweka kalamu chini, akamshika mkono. "Mama Zohra, hakuna kinachokusumbua? Niambie tu."

"Kinachonisumbua ni kwamba hujamaliza biskuti."

Mlango ulipofungwa, Zohra aliteleza ukutani mpaka sakafuni. Nikaivuta mashine, nikaiwasha, nikamvisha mpira wa hewa puani, nikamfuta rangi ya mdomo. Chini yake midomo ilikuwa ya kijivu.

Jibu likaja: anajimudu, haongezewi. Inbal alipiga simu mwenyewe, akamsihi akate rufaa, akasema atamsaidia kuiandika.

"Nimwambie nilimdanganya huku anakula chakula changu?" Zohra akaniuliza. "Siwezi, dada." Nami nilijua hawezi.

Alihama kabla ya Pasaka. Nissim alimbeba mgongoni ngazi zote, naye ni mtu wa kuumwa kiuno.

Nilikwenda kumtembelea majira ya baridi. Tangu abebwe hajashuka. Anakaa dirishani, mpira puani, akitazama vichwa vya watu chini. Aliponiona akashika mkono wa kiti, ainuke kunitengenezea chai. Nikamkalisha, nikaenda kuitengeneza mwenyewe. Alilia kidogo kwa aibu ile, kisha akanywa.

Nilipovaa koti akanishika mkono wa nguo.

"Uje tena, dada. Ila usinitajie siku. Nikiijua, nitaamka kutwanga."