Mkono wa Kushoto wa Sweta

Nimewaweka ndani na kuwatoa mabinti wengi hapa Bagamoyo, na hakuna aliyenitoa jasho kama Mwanaharusi. Si kwamba alikuwa mtundu. Ukimwambia kaa, anakaa. Tatizo ni lile sweta.

Alilianza marehemu mama yake, Mwaija, aliyeona la namna hiyo kifuani kwa mke wa daktari mmoja wa Kizungu akaliiga kwa macho: uzi mweupe wa pamba, sindano yenye ncha iliyopinda kama ndoana, na matundu kila mahali, eti vazi la wakati wa joto. Nilimwambia Mwaija kuwa hilo si sweta, ni wavu. Alicheka, akaendelea. Alifuma kifua, mgongo na mkono wa kulia, kisha homa ikamchukua. Mkono wa kushoto ukabaki, na binti yake akaapa kwamba hatoki kwenda kwa mume bila kuumaliza na kulivaa.

"Nataka mama anisindikize, Somo," aliniambia. Nikamwachia afume.

Lakini kazi ya somo, yaani kungwi, ni kumng'arisha mwali. Kila asubuhi nilimsugua liwa na manjano hadi vidoleni, nikamwonya asiguse uzi mpaka aoge. Siku moja nilikwenda kwa jirani kuomba karafuu. Kurudi, nakuta mkono wa sweta una njano kutoka begani hadi kwenye kiwiko. Hakuweza kusubiri. Nilimgombeza mpaka koo likanikauka, maana uzi mwingine ungetoka wapi? Vita vya Hitla vilikuwa havijaisha, na madukani hata kitambaa cha sanda kilipatikana kwa taabu.

Hakulia. Alishika ncha ya uzi akavuta, akafumua chote alichofuma, nami nikimtazama kwa hasira na huruma pamoja. Akaufua kwa sabuni, ukageuka mwekundu, kama manjano yanavyofanya yakikutana na sabuni, nikasema basi, tumekwisha. Akafua tena. Kwa kuwa mwali haonwi na jua, aliniomba nikauanike uani. Nikauanika huku nikinung'unika, na jua likaila ile rangi kidogo kidogo mpaka uzi ukarudi mweupe. Akaanza tena begani. Safari hii alisugua mikono kwa ndimu kabla ya kushika sindano, na akisikia usingizi anafuma akiwa amesimama.

Siku ya harusi ikafika, na ukingo wa ule mkono wa sweta haujaisha. Bwana harusi na watu wake walikuwa njiani kutoka Mapinga, na hina ilikuwa imeshakorogwa. Hina ikishapakwa, mikono inafungwa vitambaa mpaka alasiri. Nikamwambia sweta lisubiri, mimi sitoi bibi harusi mwenye viganja vyeupe, nichekwe na mji mzima.

Akaninyooshea mikono yote miwili.

"Nipake, Somo. Sindano utaishika wewe."

Mimi? Niliyeliita wavu? Nilimpaka, nikamfunga vitambaa, nikakaa mkekani nikiwa na sindano ile. Aliniongoza kwa mdomo: chomeka, vuta, ruka tundu, chomeka. Nilikosea, akanirudisha. Jasho lilinitoka. Nje vigelegele vilianza, wanawake wakagonga mlango, naye akawajibu kwa upole kuwa bado. Nilipofunga fundo la mwisho ndipo nikaona: gumba langu, lililokwisha kulowa manjano ya mabinti wa miaka yote, limeacha alama ya njano ukingoni.

Nikatafuta ncha ili nifumue.

"Iache," akasema.

"Ulifumua njano yako yote, hii yangu uitakie nini?"

"Mama aliniacha njiani, Somo. Wewe ndiye umenifikisha."

Hina ilipokauka nikamfungua vitambaa, nikamvika sweta, nikamfunika kanga juu yake, nikamtoa. Siku zote nawakanya watu wasilie mbele ya bibi harusi. Siku hiyo nililia, na kila mtu aliniona.