Udongo wa Mama Herman

Nani alimtuma Euphrasia kusema udongo wake unang'aa? Hakuna! Ni ulimi wake mwenyewe, na hamu ya kutaka majiko yake yajulikane.

Alikuwa akifinyanga majiko ya mkaa kijijini kwao, nje kidogo ya Kagongwa, mwaka wa sita sasa. Udongo aliuchimba bondeni, kwenye kipande alichoachiwa na marehemu mumewe. Udongo wa kwingine ulipasuka motoni, wa pale haukupasuka, na hicho ndicho kilichomlisha yeye na wanawe wanne. Tatizo ni wateja. Leo anauza jiko moja, halafu kimya mpaka wiki ijayo.

"Nenda redioni, wewe," shoga yake Salome akamwambia. "Kuna kipindi cha wajasiriamali, na hawatozi hata senti."

Alhamisi asubuhi akaenda mjini, kajifunga kitenge chake cha kanisani. Mtangazaji, kijana mchangamfu aitwaye Fredy, akampa shikamoo, akamketisha mbele ya kipaza sauti. Mwanzoni alijibu vizuri tu. Kisha Fredy akauliza, "Siri ya majiko yako ni nini, Mama Herman? Mbona hayapasuki?"

"Udongo wangu si wa kawaida," akasema, kichwa kishamvimba. "Ukiumwagia maji unaona kabisa vipande vinang'aa, vya manjano manjano. Uko bondeni, ukivuka daraja mkono wa kushoto. Huwezi kupotea."

Ee Mungu wangu! Maneno hayo mtu anayasemaje redioni, huku kwetu, ambako mtu akijikwaa kwenye jiwe linalometa anaita ukoo mzima uje na sululu? Hata Fredy alimkodolea macho. Euphrasia akadhani amemkosha.

Aliporudi saa tisa, pikipiki zilikuwa zimejaa darajani. Bondeni wanaume walishavua mashati, wanachimba. Akateremka mbio, kitenge mkononi.

"Jamani, huo ni udongo wa majiko! Hamna dhahabu humo!"

"Tulia, mayu, tulia mama," mmoja akamjibu kwa adabu zote, sululu haijasimama. "Mwenye shamba ana asilimia yake. Hatumdhulumu mtu hapa."

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Makoye, alikuwa ameketi juu ya ndoo na daftari, akiandikisha wenye maduara, yaani kila shimo na mwenyewe. "Wewe nimekuandika wa kwanza," akamwambia, akidhani anamfurahisha. Euphrasia akapiga simu polisi. Wakamwambia watakuja.

Ijumaa akarudi redioni. Fredy, tusimwonee, aliumia kweli, akamweka hewani papo hapo.

"Hakuna dhahabu," Euphrasia akasema. "Ni mchanga tu unaong'aa, naapa mbele ya Mungu. Rudini makwenu, nawaomba sana."

Bodaboda aliyemrudisha alicheka njia nzima. "Mama, wewe mjanja! Unatufukuza ili mbaki mnachota wenyewe?" Na kumbe ndivyo kila mtu alivyomwelewa. Kufikia jioni watu walikuwa maradufu, wengine wametoka Geita, na mahema yameshasimamishwa. Akazunguka shimo hadi shimo akiwasihi, mpaka sauti ikamkauka. Wakawa wanampa pole na kuendelea.

Jumatatu, hodi mlangoni. Mwanamke mnene, aproni kiunoni, akajitambulisha kuwa ni Eunice, mama lishe, anafuata rashi, yaani mkurupuko wa dhahabu, popote inapolipuka.

"Nilikusikia redioni, dada. Wote wanaongelea dhahabu, mimi niliyashika majiko. Haya ninayopikia yananipasukia kila siku. Tuko kumi na wawili, kila mmoja anataka mawili. Yakitufaa, kila rashi tutakayokwenda tutachukua kwako."

Majiko ishirini na manne! Miaka sita alikuwa akiomba mtu wa kumwambia maneno hayo. Akamwacha Eunice pale mlangoni, akateremka bondeni, akachota udongo kando ya duara lililokuwa karibu. Ulikuwa umechanganyika na kokoto na kifusi chekundu cha chini. Akaukanda, ukammeguka mkononi. Akajaribu kwenye shimo la pili, na la tatu, na la mwisho kule mpakani. Ni kifusi kitupu.

Akapanda kurudi, mikono imejaa matope. Eunice alikuwa bado anamsubiri, anatabasamu.

"Sasa, dada, yatakuwa tayari lini?"

Euphrasia akaketi chini, palepale mlangoni, akalia mbele ya mteja.