Kitufe cha Nyumbani

Jumamosi moja baada ya chai ya asubuhi, Delbert Casselman aliteremka kwenye chumba cha chini ya nyumba kuunganisha mashine yake ya kuchonga mbao na kompyuta. Alikuwa amestaafu kazi ya kiwanda cha jibini, na alitaka mashine imchongee bata wa mbao, wale ambao wawindaji wa Ontario, Kanada, huwaacha waelee majini ili kuwavuta bata wa kweli. Mota zilikuwa tatu, za aina inayozunguka hatua kwa hatua, kila moja na kidhibiti chake. Kutoka kwenye vidhibiti waya zilikwenda hadi tundu la printa, nyuma ya kompyuta kuukuu.

Mwanzoni mota zilinguruma tu, hazikuzunguka. Delbert akaona amepishanisha waya mbili, akazirekebisha. Kisha akabofya kitufe kilichoandikwa "Nyumbani", ambacho huirudisha mashine mahali pake pa kuanzia.

Meza ya mashine haikusogea. Iliyosogea ni nyumba.

Ilivuka barabara taratibu kuelekea ziwani. Jikoni, mama yake, Orpha, alikishika kikombe kisimwagike. Jirani yao Réjean akatoka na reki mkononi.

"We Delbert! Nyumba yako imenikanyagia nyanya!"

"Samahani, jirani," Delbert akajibu dirishani. "Nadhani nimekosea waya."

"Waya? Mimi nikikosea waya, taa huzimika. Wewe unatembeza nyumba!"

Delbert akazima mashine, akapima waya moja moja. Zote zilikuwa sawa. Orpha akaja kusimama kwenye ngazi.

"Umebofya nini?"

"Nyumbani, Mama."

"Basi nyumba imekusikia. Kwani hapa ni kwao? Hapa tuliletwa. Watu waliojenga bwawa la umeme waliipakia nyumba hii kwenye lori, vyombo vikiwa kabatini, wakajisifu hakikuvunjika hata kisahani. Kisha kijiji chetu wakakifunika kwa maji. Dada yako Verla walisema watamleta baadaye. Wakaleta jiwe lake la kaburi tu."

Delbert alilijua jiwe hilo. Lilikuwa kando ya barabara kuu, pamoja na mawe ya wengine, kwenye nyasi zilizofyekwa vizuri ambapo hakuzikwa mtu. Verla alikufa kabla yeye hajazaliwa, na kila mwaka alikuwa akilisugua kuvu bila kujua aone huzuni ya namna gani.

"Bofya tena, mwanangu."

Akabofya. Réjean aling'oa uzio wake, akauinua waya wa umeme kwa reki ili nyumba ipite. Waya ukajinyoosha, ukaifuata. Nyumba ikaingia ziwani kama ng'ombe anayekwenda kunywa. Maji yakapanda madirishani, mwanga ukawa wa kijani, na sakafu ikabaki kavu. Mota ziliimba sauti moja nyororo mpaka msingi wa zamani ulipoipokea nyumba, zikanyamaza.

Orpha akajitanda shali, akafungua mlango. Delbert akamfuata. Walipita katikati ya visiki vya mitofaa, samaki wakiwapisha njia, hadi palipokuwa na kanisa. Makaburi yote yalikuwa yamefunikwa kifusi cha mawe, ukuta hadi ukuta.

Alasiri alikuja mtu wa bwawa kwa mashua. Akainama juu ya maji, akasema kwa adabu kwamba hapo si mahali pa kuweka nyumba.

"Mwanangu yuko wapi?" Orpha akamwuliza.

"Humo humo, bibi. Tuliwafunika ili maji yasije yakawafukua."

"Najua ni humo. Wapi?"

Yule mtu akasema pole, akawasha injini.

Tangu siku hiyo wanakaa huko. Kila alasiri Orpha huenda kuketi juu ya mawe, leo kona hii, kesho ile. Popote anapoketi husema kwa sauti ya chini, "Verla, ni mimi," asije akamwamsha mtoto wa mwingine.