Mdomo Wangu na Bomba la Azzan

Siku ile mjinga alikuwa mimi, na sitaki mtu anitetee. Fundi wa miaka kumi na sita kazini, aliyefukuzwa kazi Bujumbura akaja kufukuzwa tena Nizwa, anatia mdomo kwenye bomba asilojua linakwenda wapi! Ningemwona mwengine anafanya vile ningecheka mpaka nikae chini.

Ilikuwa Januari 2008. Azzan alinipigia simu kutoka Saiq, juu ya mlima wa Jabal Akhdhar huku Oman, ambako ana kazi ya serikali na nyumba ya kupanga. Mkewe Ghalia alikuwa na siku tisa tangu ajifungue. Mtoto aliwahi wiki tatu, kwa hivyo badala ya Ghalia kwenda Ibra kwa mama yake, mama yake, Bi Mabruka, ndiye aliyepandishwa mlimani. Mzazi akandwe kwa maji ya moto asubuhi na jioni mpaka arubaini, ndiyo ada yetu, na hita ya bafuni imeanza kunguruma.

"Inanguruma vipi?" nikauliza.

"Kama ngamia aliyenyimwa majani, ewe Muhanna."

"Izime, nakuja."

Nilifika saa tatu asubuhi. Maji yaliyosimama kwenye ngazi yalikuwa yameganda, unayakanyaga yanalia kama kioo. Bafu lilikuwa chini, choo ghorofani. Bafuni sikuweza kuingia, maana Ghalia alikuwa ndani anafungwa mkaja wa tumbo, basi nikaanza kazi nje.

Hita ikipata moto maji yake hutanuka, na ziada hutoka kwa bomba jembamba linalopenya ukutani. Likiziba, ndipo hita inaponguruma. Bomba la Azzan lilikuwa limevishwa gunia na tepu mpaka chini, kama mguu wa mtu aliyevunjika. Nikaligusa: barafu tupu. Nilipaswa kulivua lile gunia nione. Sikuvua. Maji ya hita ni safi, nikajisemea. Nikalifungua pale ukutani, nikamimina birika la maji ya moto juu ya gunia, nikatia mdomo, nikapuliza.

Halikwenda. Nikapuliza tena, macho yakanitoka.

"Fundi," Azzan akacheka, "utapasuka wewe kabla ya hita!"

Nikapuliza mara ya tatu. Barafu likateleza. Na wakati ule ule Bi Mabruka, aliyekwisha kumfunga binti yake, alikuwa ghorofani anamwaga ndoo chooni.

Ladha sitaisema. Nitasema tu kwamba ilikuwa vuguvugu, na ilikuwa na vipande.

Nilitapika chai, nikatapika mkate, nikatapika mpaka nikawa natoa sauti tu. Nilisukutua kwa birika zima, nikausugua ulimi kwa sabuni ya kufulia na taulo la Azzan, na bado nikimeza mate nausikia ule uchafu umekaa kooni. Siku tatu kahawa yangu ilinuka choo.

Nililichana lile gunia kwa hasira. Kumbe bomba la hita lilikuwa limechomekwa ndani ya bomba kubwa la choo, likazibwa kwa gundi vizuri kabisa, kazi safi ya mtu mchafu.

"Nani kafanya hivi?"

Azzan akaangalia milima. "Mimi. Yaani, lilikuwa linadondosha njiani. Watu wanakwenda msikitini, tone linawaangukia, wanasema maji ya bafuni haya, najisi, wanarudi kubadilisha kanzu. Jirani yangu Abdullatif amekuja mara tatu."

"Kwa hivyo maji twahara ukayaonea haya, ukayapeleka yakakae na mavi?"

Nilimtazama kwa kinyaa kuliko nilivyolitazama bomba.

Ghalia akahamishwa chumbani, nikaingia bafuni. Bi Mabruka alikuwa ameshuka, amesimama mlangoni na ncha ya kanga puani.

"Shikamoo Bi Mabruka."

"Marahaba. Usinisogelee, nimesikia ulichokula."

Bomba la choo lilikuwa limeganda huko chini, kwa hivyo uchafu ukapanda kwenye lile jembamba mpaka ndani. Kikombe kinachopokea matone ya hita kilikuwa kimejaa na kufurika. Ute wa kahawia ulishuka kwenye vigae, ukaganda kama mchuzi wa juzi, ncha yake inachungulia beseni la kumkandia mzazi.

"Siku mbili nachoma udi," akasema Bi Mabruka. "Nikadhani nepi. Namsingizia mtoto wa watu, masikini."

Nikamgeukia Azzan. "Nalikata bomba sasa hivi, lidondoke njiani kama zamani. Nasafisha hapa kwa dawa. Adhuhuri mkeo ana maji ya moto."

"La. Yeyusha barafu tu, uwashe. Tusukume hivyo hivyo mpaka arubaini iishe."

"Baridi si itarudi leo leo? Maji yakikosa pa kutokea yatapasua tangi, na tangi liko dhiraa moja na kichwa cha mkeo anapokandwa."

"Lipeleke kwengine."

"Wapi? Huku ukuta wa jirani, huku mwamba. Ni njiani au chooni, chagua."

"Wallahi siwezi!" Azzan akapandisha sauti. "Kila sala watu wananitazama kama mimi ndiye ninayewatia najisi. Kanzu zao zikirowa tena nitawaambia nini?"

Bi Mabruka akaishusha kanga puani.

"Kanzu zikirowa watavua wavae nyengine. Mwanangu akibabuka ngozi, atavaa ya nani?"