Udongo wa Kunawia

Waridi alimaliza eda Ijumaa ya kwanza ya Novemba, mvua za vuli zikiwa zimeshika kasi, na Jumapili iliyofuata akavaa buibui, akatia miguu katika raba za zamani za bintiye Lela, akamfuata mbwa.

Mbwa huyo aliitwa Sajini. Marehemu Zahoro, mume wa Waridi, alimnunua alinde kiwanja chao upande wa Njiru, na mbwa wa kulinda shamba dini haina neno naye. Kiwanja kilipochukuliwa, mbwa hakuna aliyemtaka. Akaja kukaa mtaa wa Ziwani, juu ya gunia nje ya mlango wa Waislamu, majirani wakacheka mpaka wakashika mbavu. Waridi hakucheka. Sajini akilamba sufuria au mkono wa mtu, ilibidi kuosha mara saba, na mara moja katika hizo kwa udongo safi. Ndiyo sababu dirishani palikaa kopo la mafuta ya kupikia lililotiwa udongo. Kulijaza ilikuwa kazi ya Zahoro. Tangu azikwe hapakuwa na wa kulijaza, na sasa ulibaki udongo wa kijiko kimoja tu.

Zahoro alikuwa fundi wa akala pale Gikomba, na kama mafundi wote alivaa masalio. Akala yake ya kushoto ilikatwa kwa tairi la lori, ya kulia kwa tairi la kigari kidogo. Ziwani nzima iliujua unyayo wake. Basi miezi yote ya eda, Waridi akiwa ndani hatoki, Sajini aliondoka peke yake kila Jumapili asubuhi, na jioni akarudi amejaa vumbi au matope hadi masikioni. Kwenye kinjia cha kuja mlangoni alama zake zilifuatana na alama za akala, kushoto lori, kulia kigari. Za akala zilikomea kizingitini, kwa kuwa Zahoro hakuwa mtu wa kuingia ndani na viatu. Waridi alifagia, akafurahi moyoni kwamba huko alikokwenda mumewe hajapoteza adabu.

"Mama Lela, leo umetoka?" aliuliza Apondi, jirani yake, akianika nguo za mumewe Omolo, mtu wa reli, chini ya paa.

"Nimetoka. Nataka kujua baba Lela anaenda wapi kila Jumapili."

"Aende wapi na mvua hii, hata koti hana! Msalimie. Mwambie akala ya Omolo imekatika mkanda."

"Nitamwambia."

"Na Desemba mnaenda lini nyumbani?"

Apondi aliuliza hivyo kila mwaka, wala hakuwa na ubaya. Kwake yeye kila mtu ana rizavu yake, yaani kijiji cha kwao, mahali pa kupelekea sukari na blanketi Krismasi ikikaribia. Waridi alizaliwa Pumwani. Baba yake alizaliwa Pumwani. Babu yake alitoka pwani amebeba mizigo ya watu, na mji aliotoka hakuna aliyeukumbuka. Desemba mtaa ulipobaki mtupu, yeye na Zahoro walikaa wakisikiliza mabomba ya jirani yakidondosha maji. Lilimchoma Zahoro jambo hilo. Ndipo akajiunga na chama cha kununua ardhi, akalipa miaka tisa, akaonyeshwa kiwanja chenye mawe manne ya mpaka, akampeleka Waridi akione, akarudi nyumbani siku hiyo anaimba. Mwaka uliofuata mwenyekiti wa chama alimuuzia mtu mwingine kiwanja kile kile.

Sasa Waridi alikihitaji kuliko zamani. Nyumba ya Ziwani iliandikwa jina la Zahoro, na maiti hapangi nyumba. Mwisho wa mwaka ilimpasa kuiachia. Kama Zahoro bado anakwenda kiwanjani, aliwaza, basi huenda kuna kitu amekipata huko.

Walishika Barabara ya Jogoo, wakapita Makadara, watu wakitoka kanisani na miavuli. Kwenye lami hapakuwa na alama zozote ila maji. Lami ilipoisha wakaingia ule udongo mweusi wa mbugani, ambao mvua ikiunyea hauachii kitu. Raba za Lela zilibeba tope, tope likabeba tope jingine, hadi Waridi akawa mrefu kuliko alivyoumbwa. Ukungu ulilala chini juu ya majani, na ng'ombe waliokuwa ndani yake walionekana migongo tu. Hapo ubavuni mwa Sajini ardhi ikaanza kubonyea, kushoto lori, kulia kigari, kwa mwendo ule ule wa Zahoro wa kutokuwa na haraka.

"Umekonda," alisema Waridi, maana nyayo hazikuzama sana.

Walitembea watatu hivyo hivyo, mvua ikiwa nyepesi kama unga unaochungwa. Waridi alimweleza habari za Lela, aliyeolewa Mombasa na sasa ana mimba ya pili. Akamweleza akala ya Omolo. Penye dimbwi kubwa nyayo zilizunguka upande wa kulia, naye akazifuata, hakuzama. Kwa muda mrefu hakuwa amejisikia vizuri namna ile, na alitamani njia isifike mwisho.

Ilifika. Palikuwa na ua wa miti ya michongoma, nyumba ya mabati ya vyumba viwili, na mahindi. Nyayo zilipita katikati ya michongoma pasipo na pengo. Mbwa alipita chini yake. Waridi alizunguka, akabisha hodi kwenye lango.

Mwenye nyumba aliitwa Matheka, mtu wa makamo, dereva wa trekta. Alitoka na gunia kichwani.

"Karibu, mama. Wewe ndiye mke wake?"

"Ndimi."

"Tulikuwa tunasema na mama watoto, huyu mzee lazima ana mke. Anatembea kama mtu aliyetumwa."

Wakasimama pamoja, wakatazama. Nyayo zilikwenda hadi jiwe la kwanza la mpaka, zikasimama. Zikaenda la pili, zikasimama. Zilipomaliza mawe yote manne zilielekea nyumbani kwa Matheka, na mlangoni palikuwa pametandazwa gunia safi.

"Hilo ni lake," alisema Matheka. "Mwanzo alikuwa anaacha akala nje, anatembea ndani na miguu mibichi, mke wangu anapiga deki. Tulipomwekea gunia, sasa anajifuta. Hana fujo hata kidogo."

Ndani, kwenye sakafu ya saruji, miguu peku ya Zahoro ilikwenda moja kwa moja hadi penye kabati la vyombo. Waridi alipajua. Hapo ndipo mumewe alipochora kwa kijiti, siku ile ya kuimba, akasema, kitanda chetu kitakaa hapa.

"Kiwanja hiki ni chetu," alisema.

"Najua, mama," alisema Matheka. "Na mimi nimelipa. Mwenyekiti nilimfuata nikamwambia mzee anakuja. Akaniambia, anakuja na karatasi? Nikamwambia anakuja na mbwa." Alitikisa kichwa. "Mimi nitawapeleka wapi wanangu? Lakini yeye simfukuzi. Na wewe, siku yoyote, njoo naye. Kunywa chai."

Waridi alikunywa chai, kwa kuwa ilikuwa tamu na alikuwa amelowa. Alipokuwa akiaga, Sajini alimlamba mkono.

Aliinama pale pale karibu na jiwe la nne. Akachota udongo akaufunga kwenye pembe ya leso, asubuhi ya kesho autie koponi. Mwingine aliupaka mkononi, na mke wa Matheka akammiminia maji kwa birika mara saba bila kuuliza. Nyayo zilisimama kando zikingoja amalize, kisha zikamsindikiza hadi Ziwani.

Desemba Apondi alifunga mizigo yake, sukari na blanketi, akauliza tena.

"Sisi tunakwenda kila Jumapili," alijibu Waridi.

"Basi afadhali nyinyi. Sisi ni mara moja kwa mwaka."

Mwaka ulipogeuka Waridi alihamia chumba kimoja Majengo. Sajini alikwenda naye, gunia lake likakaa nje ya mlango. Mwenyekiti alichaguliwa tena. Matheka alijenga chumba cha tatu, mkewe alipojifungua, na Zahoro sasa hukizunguka kwa nje, maana si mtu wa kupita chumba cha mzazi. Kopo la udongo likawekwa dirishani kama zamani, limejaa pomoni. Ni udongo wa kiwanja chao, mweusi, mzuri, na kila mbwa anapomlamba, Waridi huuchota kidogo, akanawa, akaumwaga nje.