Ukurasa wa Arobaini na Moja

Usiku wa jana niliota vitabu vyangu vimeniitia kikao.

Nieleze kwanza kosa langu, maana huko ndotoni kila mtu alikuwa analijua tayari. Kila Jumatatu saa tatu asubuhi naendesha kipindi redioni, hapa Morogoro, dakika saba tu, kinaitwa Kitabu cha Wiki. Napendekeza vitabu vya uongozi, vya habari, vya saikolojia na vya maisha ya kazini. Mwaka wa tatu huu, na sijasoma hata kimoja. Nasoma jalada la nyuma, naangalia picha ya mwandishi, halafu nasema, "Ndugu msikilizaji, kitabu hiki kitakubadilisha." Wasikilizaji wamebadilika. Mimi niko vilevile.

Wiki iliyopita akaandika Bi Yunisi Chiduo, fundi cherehani wa Kilosa. Vitabu vyangu vyote kavisoma, hadi kile cha kuongoza wafanyakazi mia tano, na yeye kwenye kibanda chake yuko peke yake. Anakuja studio Jumatatu, tutaongea hewani moja kwa moja, na ana swali moja tu, kuhusu ukurasa wa arobaini na moja wa Hofu na Majirani Zake. Kitabu hicho kiko kando ya kitanda changu, bado kimo kwenye nailoni yake. Jumapili nzima nilikipita kama mtu anayenidai. Kila nilipotaka kukifungua nilihisi nikikifungua nitakuwa nimekiri. Nikalala.

Sasa niko kwenye korido ya redio, nimevaa kanga na viatu vya ofisini. Mbele yangu vitabu kumi na viwili vya uongozi vinazunguka duara. Kila kimoja kinajaribu kwenda nyuma ya mwenzake.

"Mnafanya nini?" nauliza.

"Kiongozi bora husimama nyuma ya watu wake," kinajibu chenye jalada jekundu, kinahema.

"Nyote?"

"Sote ni viongozi bora, dada. Tunakwenda kwenye kesi yako tangu Alhamisi, ila hatujapata wa mbele."

Nikawaacha hapo. Sikuwa na la kuwasaidia, na kusema kweli nilifurahi kwamba mashahidi kumi na wawili wamechelewa.

Mlangoni mwa studio kimesimama kitabu cha uandishi wa habari, kinene, miwani yake imefungwa kwa uzi.

"Wewe ni nani?"

"Perpetua Luhanga."

"Hiyo ni taarifa ya chanzo kimoja, na chanzo chenyewe kina masilahi. Leta cha pili."

Nikatoa kitambulisho. Kikakitazama na kunirudishia. "Hiki umekuja nacho mwenyewe. Ni chanzo kilekile."

Hapo nikapandwa na hasira. Miaka tisa naingia chumba hiki, leo nizuiwe na kitu nilichokisifu mwenyewe mwezi wa Machi. Nikakiambia hivyo, bila kupunguza. Mlango ukakohoa.

"Ni yeye," ukasema. "Huwa ananisukuma kwa nyonga. Mikononi anashika chai."

Kitabu kikaandika. "Imethibitishwa. Pita, dada, na pole kwa usumbufu."

Ndani nusu ni studio na nusu ni jiko langu. Katikati umepigwa mstari wa chaki, na kitabu cha maisha ya kazini kimechuchumaa kinaukoleza. "Kazi isivuke kuingia nyumbani," kinasema bila kuinua kichwa, "na nyumbani kusivuke kuingia kazini." Kipaza sauti kiko upande wa kazi. Kiti changu kiko upande wa nyumbani, karibu na jiko la mkaa, na sufuria ya maharage inatokota.

"Habari za kazi?" yananiuliza maharage.

"Usiyajibu," kinasema kitabu.

Maharage yakanyamaza. Yalikasirika, nayajua.

Nikataka kukaa. Kiti kina mtu. Ni mtu mfupi, amechana nywele vizuri, sweta la kijivu, mkoba mapajani. Sikumsalimia. Mama yangu angeniona angenifukuza nyumbani, maana kwetu mgeni hata awe mbaya vipi hupewa salamu na maji. Nikamzunguka nikasimama ukutani.

Taa nyekundu ikawaka. Tuko hewani.

Bi Yunisi akaingia, tepu ya kupimia shingoni, pini tatu mdomoni. Nyuma yake vinaingia vitabu vilivyobaki vya miaka mitatu, hesabu yote mia moja na kumi na viwili, vinajipanga sakafuni. Vingi bado vimevaa nailoni, ukivisikia vinapotembea utadhani watu wanakula karanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Simama wima nikupime."

"Unanipima nini?"

"Kina. Nataka nijue umeingia kiasi gani kwenye kila kitabu." Akaweka tepu kwenye cha kwanza. "Hapa umeingia jalada, milimita moja. Hapa jalada. Hapa jalada na picha ya mwandishi." Akaenda hivyo mpaka cha mwisho, taratibu, bila ubaya wowote, na redio nzima inasikia. Kisha akajumlisha kwa vidole. "Sentimita kumi na mbili kwa miaka mitatu. Hii haitoshi hata kola."

Niliona aibu. Niseme tu hivyo, aibu ilinishika hadi masikio yakapata moto.

"Sasa swali langu," akasema Bi Yunisi, akakiinua Hofu na Majirani Zake. "Ukurasa wa arobaini na moja umekaaje?"

Jibu la uongo lilikuwa tayari mdomoni. Nilikuwa nalo tangu Jumatano: "Ukurasa huo, mama, unagusa kila mmoja wetu kwa namna yake." Nikafungua mdomo. Yule mtu wa kwenye kiti akajiweka vizuri, akaukumbatia mkoba wake, kama anayejua atalala hapahapa.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," yakasema maharage kwa sauti ndogo, na kitabu cha chaki kikajifanya hakijasikia.

Nikamgeukia yule mtu. Mara ya kwanza nikamtazama usoni. Uso wenyewe ulikuwa wa kawaida, una kovu dogo la tetekuwanga.

"Karibu," nikamwambia. "Sikukusalimia, unisamehe. U nani, na una shida gani?"

"Ahsante. Mimi Hofu. Nimetumwa kwako miaka mitatu iliyopita, nikae mpaka useme. Ukisema naondoka, nina nyumba nyingine nne za kupitia."

Nikauvuka mstari wa chaki. Kitabu cha maisha ya kazini kikainua mkono kunizuia, kisha kikaushusha. Nikasogeza kipaza sauti karibu.

"Bi Yunisi," nikasema, "sijui. Sijakisoma. Sijakisoma hicho wala hivyo vingine mia moja na kumi na moja. Niliwapendekezea nyote vitu nisivyovijua. Ninyi ndio mmesoma. Mimi nimesoma majalada."

Hofu akasimama, akakung'uta sweta, akanishika mkono kwa adabu. "Kwaheri, dada Perpetua," akasema. "Ungenikaribisha mapema ningekuwa nimeshafika Dumila." Akapita mlangoni, mlango ukamfungukia wenyewe.

Ndipo nailoni zikaanza kupasuka. Vitabu vyote vinazivua, vinajinyoosha, vinapiga majalada kwa majalada, kishindo kile sijapata kukisikia hata uwanja wa Jamhuri timu ya nyumbani inaposhinda. Bi Yunisi anatema pini, anapiga vigelegele. Vile kumi na viwili vya uongozi vinaingia mbio, vinaniona, vinasema kwa pamoja, "Huyu hapa wa mbele," na kwa kuwa kila kimoja kinataka kuwa chini, vinaninyanyua bila kugombana.

Tunatoka. Korido imekuwa barabara ya Kilosa na milima ya Uluguru imesogea pembeni kutupisha. Watu wanatandika kanga. Kitabu cha habari kinatembea kando yangu kinatangaza, "Amekiri, vyanzo mia mbili vimethibitisha." Mimi nacheka juu ya mabega ya vitabu, nacheka mpaka mbavu zinauma, mwepesi kama niliyetua gunia, na Bi Yunisi anakimbia chini huku ananipima mabega, ananishonea joho.

Hofu na Majirani Zake kikanirukia mapajani. "Sasa nitakuonyesha," kikasema. Kikajifunua ukurasa wa arobaini na moja, halafu kikapinduka, kikasimama kwa kichwa.

"Mbona hivyo?"

"Ukurasa huu ndivyo ulivyo. Ulitoka kiwandani kichwa chini, na mimi nimeuzoea. Kila aliyefika hapa lazima anigeuze."

Nikaamka. Ilikuwa saa moja asubuhi, jua la Jumatatu limeshaingia dirishani. Jiko langu halikuwa na maharage, na kwenye kiti hapakuwa na mtu. Kando ya kitanda kitabu kilikuwa palepale, nailoni yake nzima, haijaguswa hata pembe.

Nikaikata kwa meno. Nikapekua mpaka thelathini na nane, thelathini na tisa. Nikafunua.

Ukurasa wa arobaini na moja umepigwa chapa kichwa chini.

Sasa nina jibu la Bi Yunisi, zuri, la kunitoa hewani bila doa, na mimi wa wiki iliyopita ningelichukua nikaenda nalo. Nikamkumbuka Hofu, na zile nyumba zake nne. Nikaivuta stuli, nikakifunga kitabu, nikakifungua upya ukurasa wa kwanza. Saa tatu bado, na nikifika kipaza sauti kitasikia kwanza lile neno nililolisema ndotoni: sijavisoma.